Mti Mgeni na Mizizi Yake

Mwalimu mstaafu hana likizo. Nilidhani nikishakabidhi funguo za ofisi ya mwalimu mkuu nitakaa Butiama nipalilie mihogo yangu na kusoma vitabu vilivyonipita nilipokuwa kazini. Kumbe watu wa nyumbani humwona mwalimu kuwa mali ya wote: barua ya mahakama isomwe na mwalimu, ugomvi wa mpaka uamuliwe na mwalimu, mtoto mkaidi aonywe na mwalimu. Ndivyo ilivyokuwa Jumapili moja, dada yangu alipoingia uani kwangu baada ya misa, akakataa kiti, akakaa kizingitini. Nikajua kuna jambo.

"Kaka," alisema, "mwanangu amepotea."

Nikamwuliza kama ni ulevi, au wanawake, au madeni. Akatikisa kichwa.

"Hanywi kabisa. Hanywi, hachinji, na jioni anakaa chini na wenzake wanafumba macho. Anasema wanaanzisha jumuiya ya Buddha. Wewe ndiwe mjomba wake. Nenda Bunda ukamrudishe."

Kisha akatoa neno ambalo ndilo lililokuwa limemleta: "Mimi nikifa, atanizika nani, na kwa desturi gani?"

Msomaji wangu, naandika habari hii kwa kuwa safari ile ya Bunda ilinilazimisha kufungua vitabu ambavyo sikuwahi kuvifungua katika miaka yangu yote ya kufundisha historia. Ilinilazimisha pia kufungua ukurasa mmoja wa maisha yangu ambao nilikuwa nimeufunga kwa makusudi.

Mpwa wangu ni fundi umeme. Aliishi Dar es Salaam miaka kadhaa, na huko, alipokuwa akitengeneza nyaya katika nyumba moja ya Upanga, alisikia habari za hekalu la Wabuddha lililo jirani. Alikwenda mara ya kwanza kwa udadisi, akarudi mara ya pili kwa sababu, kama alivyoniambia, hakuna aliyemwomba kitu. Alipohamia Bunda na kufungua karakana yake alikuja na tabia ya kukaa kimya kila jioni, na vijitabu vichache.

Nilipanda gari Kiabakari nikiwa na maneno yangu tayari. Mwalimu mkuu mzee hasahau namna ya kukemea. Lakini nilifika mapema kuliko nilivyotarajiwa, nikawakuta wamekwisha kukaa katika chumba nyuma ya karakana: muuguzi mmoja, fundi cherehani, kijana wa bodaboda, mwalimu wa shule ya msingi, na mpwa wangu. Watu watano juu ya mkeka. Hapakuwa na sanamu wala uvumba. Ukutani palibandikwa karatasi yenye kanuni tano kwa mwandiko wa mkono: kutoua kiumbe, kutochukua kisichotolewa, kutozini, kutosema uongo, kutokunywa kileo. Niliketi kwenye kibao mlangoni nikasubiri. Kwa muda wa nusu saa sikusikia kitu ila pikipiki za barabarani na kuku wa jirani.

Walipofumbua macho, mpwa wangu aliruka kwa haya. "Shikamoo mjomba! Mbona hukutuma habari?"

"Marahaba. Ningetuma habari ningeona nini?"

Wakacheka, nikapewa chai. Nikamwuliza ni kitu gani hasa wanachotaka kuanzisha. Akajibu kwa utulivu kwamba wanataka jumuiya ndogo tu, inayofuata mafundisho ya mwanzo kabisa, kabla hayajaongezewa mambo mengi: kushika kanuni tano, kutafakari pamoja, kusoma, na siku moja kumwalika mtawa akae nao hata kwa wiki moja awafundishe. Jina la njia hiyo ni Theravada. Nikamwuliza maana yake. "Mafundisho ya wazee, mjomba."

Nakiri kwamba jibu hilo lilinipunguzia kasi. Mtu wa Mara haambiwi "mafundisho ya wazee" akaendelea kukemea bila kwanza kusikiliza. Lakini kilichonifunga mdomo hasa kilikuwa kitu kingine, nami sina budi kukisema.

Katika miaka ya 1970 nilikuwa mwalimu kijana, mwenye bidii ya kujenga taifa, na muda si mrefu nikapewa shule. Sitaitaja. Kulikuwa na mvulana wa darasa la tano ambaye wazazi wake walikuwa wa madhehebu madogo sana, nyumba tatu au nne tu katika kata nzima. Asubuhi, wenzake walipoimba mbele ya bendera, yeye alisimama kimya, mikono pembeni. Hakufanya fujo. Alikuwa wa kwanza katika hesabu. Nilimwita baba yake, nikamwambia mbele ya mtoto kwamba shule ni ya taifa, wachague. Mzee yule hakubishana. Alimtazama mwanawe, mwanawe akamtazama yeye, kisha mtoto akaenda darasani kuchukua daftari zake. Hakurudi tena. Wakati ule niliandika katika kitabu cha shule neno moja: mtoro.

Nilikutana naye miaka mingi baadaye, mwaloni Musoma, akiuza dagaa. Akanitambua kabla sijamtambua. "Shikamoo Mwalimu," alisema, akanipimia kopo, akaniongezea na la pili, akakataa fedha. Nilirudi nyumbani na dagaa wale nikashindwa kuwala. Kijana wa hesabu, na mtoro alikuwa mimi, niliyetoroka wajibu wangu wa kumlinda mtoto wa watu wachache.

Kwa hiyo nilipokaa kwenye kile kibao Bunda, mbele ya watu watano, niliona ninaitwa kwa mara ya pili kufanya kazi ileile niliyoifanya vibaya mara ya kwanza. Nikamwambia mpwa wangu: "Nipe vitabu vyako. Nitasoma, kisha nitasema." Akanipa vyote alivyokuwa navyo, na vingine nikavitafuta mwenyewe.

Basi, hebu nieleze nilichojifunza.

Jambo la kwanza ni kwamba Ubuddha si mgeni wa jana katika nchi yetu. Wasinhala kutoka Sri Lanka, iliyoitwa Ceylon wakati huo, walifika Dar es Salaam kwa ajili ya kazi mwanzoni mwa karne ya 20, wakaunda chama chao, na hekalu lao likaanzishwa yapata mwaka 1920. Liko Upanga hata leo, na uani kuna mti wa bodhi, mti ambao chini ya mwenzake Buddha alipata kuelimika. Wataalamu wa mimea huuweka katika jamii moja na mkuyu wetu. Kumbe basi hekalu hilo lilikuwapo kabla Mwalimu Nyerere hajazaliwa hapa Butiama, tarehe 13 Aprili 1922. Lilikuwapo wakati wa Waingereza, likauona Uhuru, likauona Muungano, likaliona Azimio la Arusha. Hata hivyo kwa miongo mingi lilibaki hekalu la wageni na watoto wao. Halikumchukia mtu, wala halikumfukuza mtu, lakini mwenyeji alipita nje ya ukuta akidhani ni jambo la Waasia. Miaka mia moja ni mingi kwa mti kukaa bila kumwaga mbegu nje ya ua.

Jambo la pili lilitoka upande wa pili wa ziwa letu. Uganda alizaliwa mwaka 1966 mtoto wa familia ya Kikatoliki, Steven Kaboggoza. Mwaka 1990 alikwenda India kusoma, na huko akawafahamu watawa vijana kutoka Thailand. Urafiki ule ulimgeuza. Alizunguka nchi nyingi akijifunza kutafakari, na mwaka 2002 akapokelewa kikamilifu katika utawa huko California, akapewa jina la Buddharakkhita. Aliishi miaka minane Marekani, katika makao ya watawa ya West Virginia, chini ya mwalimu mzee wa Sri Lanka, Henepola Gunaratana. Mwaka 2005 akaanzisha kituo cha Wabuddha Garuga, karibu na Entebbe, kando ya Ziwa Nyanza hilihili ambalo wavuvi wa Musoma huliamkia alfajiri.

Mwenyewe amesimulia jinsi watu wake walivyompokea. Waliomwona njiani na kichwa chake kilichonyolewa na mavazi yake ya utawa, wengine walidhani ni Mmasai. Na lile bakuli la watawa la kupokelea chakula, wengine walidhani ni ngoma. Nilicheka niliposoma, kisha nikafikiri. Mtu amezunguka dunia nzima akarudi kwao, na kwao ndiko anakoonekana mgeni kupita kote. Lakini hakuondoka. Na mama yake mzazi, aliyemlea katika imani nyingine, mwishowe naye akaingia katika utawa.

Tofauti kati ya Upanga na Garuga ilinirudisha kwenye simulizi moja ya kale, ambayo kwangu ndiyo kiini cha habari yote hii. Katika karne ya tatu kabla ya Kristo, Mfalme Ashoka wa India aliwaunga mkono wajumbe wa dini hii, na mtawa Mahinda, ambaye mapokeo ya Sri Lanka yanamtaja kuwa mwana wa Ashoka, akavuka kwenda kisiwani. Mfalme wa kisiwa, Devanampiyatissa, akaongoka. Akajenga, akatoa ardhi, watu wakafurika. Kisha, zinasema kumbukumbu za kale za kisiwa hicho, mfalme akamwuliza Mahinda kama sasa dini imesimama nchini. Mahinda akamjibu kwamba imesimama, lakini mizizi yake haijashuka. Na mizizi itashuka lini? Itashuka, akasema, siku kijana aliyezaliwa kisiwani, kwa wazazi wa kisiwani, atakapoingia utawani palepale kisiwani, akajifunza kanuni za utawa palepale, na kuzisoma mbele ya watu palepale. Mimi kama mwalimu wa historia najua kumbukumbu hizo ziliandikwa karne nyingi baada ya tukio, na mazungumzo ya namna hiyo hupambwa. Lakini hata kama ni pambo, aliyelitunga alijua kazi ya kupanda.

Niliposoma hayo niliangalia nje ya dirisha langu nikaona Mara nzima imo ndani yake. Wamisionari Wakatoliki walifika Nyegina mwaka 1911. Mwaka 1934 mwana wa Mtemi Nyerere Burito alitoka Butiama akaenda kusoma shule ya Mwisenge, Musoma. Mtoto huyo alikuwa bado wa dini ya jadi. Alibatizwa akiwa mtu mzima, Nyegina, tarehe 23 Desemba 1943, akaitwa Julius. Dayosisi ya Musoma ilipoundwa mwaka 1957 askofu wake alikuwa Mmarekani, John Rudin, na mwenyeji, Justin Samba, akashika kiti mwaka 1979. Tangu Nyegina hadi hapo ni miaka 68. Kadhalika Wamenno walianza Shirati mwaka 1934, na mwaka 1967 Zedekia Kisare akawekwa wakfu kuwa askofu wao wa kwanza Mwafrika. Hiyo ni miaka 33. Hakuna hata moja katika dini hizi iliyoanza na watu wengi. Zilianza na watu wachache juu ya mkeka, na dada wa mtu fulani akaenda kwa kaka yake akalia kwamba mtoto amepotea. Wazee wetu waliobatizwa zamani walikuwa wamepotea kwanza machoni pa mama zao.

Baada ya hapo nilirudi Bunda, safari hii bila maneno ya kukemea. Nilikwenda na maswali, kama mkaguzi wa shule. Mti mgeni hupandwa katika udongo fulani, na udongo wetu una mambo yake.

Swali la kwanza lilikuwa la idadi. Kijana wa bodaboda aliniambia kwa furaha kwamba watu watano wanatosha kwa sheria ya Buddha. Nikamsahihisha, maana nilikuwa nimesoma. Idadi hiyo ni ya watawa wanaompokea mtawa mpya. Zamani walihitajika kumi. Lakini katika nchi ya Avanti, iliyokuwa mpakani mwa ulimwengu wao, kijana mmoja jina lake Sona alitaka utawa, na mwalimu wake Mahakaccana akahangaika miaka mitatu kuwakusanya watawa kumi. Baadaye akamtuma Sona kwa Buddha na maombi. Kwanza, katika nchi za pembezoni watano watoshe. Halafu, udongo wa huko ni mgumu, umekanyagwa na kwato za ng'ombe, basi waruhusiwe viatu vya kukanyagia. Na watu wa huko huoga mara kwa mara, na hukalia ngozi za mifugo, basi nayo yaruhusiwe. Buddha akaruhusu yote. Msomaji, ambaye amepita katika mbuga zetu wakati wa kiangazi, udongo mweusi umepasuka na nyayo za ng'ombe zimekauka kama matofali, atanielewa nikisema kwamba nilipofika hapo nilicheka peke yangu. Mwanzilishi mwenyewe alijua kwamba sheria ya katikati ya nchi haiwezi kubebwa nzima nzima hadi pembezoni. Alipunguza mizigo, akaacha msingi.

Swali la pili lilikuwa la jembe, nalo ndilo gumu kwetu. Mtawa wa njia hii ana kanuni 227. Halimi, maana kuchimba ardhi kumekatazwa, hapiki, haweki akiba ya chakula, na hali chakula baada ya saa sita mchana. Sasa mimi ni mtoto wa kizazi cha Azimio la Arusha. Tulifundishwa, nasi tukafundisha, kwamba asiyefanya kazi na ana nguvu zake ni mnyonyaji, na tuliwaita watu wa namna hiyo kupe. Nikawauliza: mwanamume mzima, mwenye misuli, anashika bakuli asubuhi kijijini Butiama, je, wenyeji hawatamwelekeza shambani?

Mwalimu yule wa shule ya msingi akanijibu kwa habari ambayo imo katika maandiko yao. Mkulima mmoja tajiri, Bharadvaja, alikuwa anawagawia watu wake chakula msimu wa kulima. Buddha akasimama pembeni na bakuli lake. Mkulima akamwambia maneno ambayo hata sisi tungemwambia: mimi nalima, napanda, ndipo nakula, nawe ulime. Buddha akamweleza kwamba naye ni mkulima, na imani ndiyo mbegu yake. Mkulima akapendezwa, akamletea chakula. Na hapa ndipo palinigusa: Buddha akakikataa. Hakutaka kulipwa kwa maneno mazuri. Nikawaambia vijana wale: "Jibu hilo linatosha kwa mkulima wa India. Wa hapa atataka pia kuona kisima." Nao wakaniambia kwamba kule Garuga mtawa yule alichimbisha kisima na majirani wakachota. Nikasema basi, hilo ndilo jibu la Kiafrika.

Swali la tatu lilikuwa la samaki. Nusu ya Musoma inaishi kwa dagaa, sato na sangara. Kanuni ya kwanza inakataza kuua. Je, mwambie mvuvi wa Musoma kwamba kazi ya babu yake ni dhambi? Muuguzi alisema taratibu kwamba kanuni zile mtu huzichukua mwenyewe kama mazoezi, hakuna wa kumwamuru. Mvuvi anaweza kuanza na kutosema uongo, au kutokunywa, na mengine akayatafakari. Sikuridhika sana na jibu hilo, na nikawaambia hivyo. Nadhani litawasumbua miaka mingi, na afadhali liwasumbue kuliko wajifanye halipo.

Swali la nne lilikuwa la lugha. Vitabu vyao vyote vilikuwa vya Kiingereza, na maneno ya ndani yake ya Kipali. Nikawakumbusha kwamba Mwalimu Nyerere, pamoja na kazi zote za nchi, alikaa akaitafsiri Julius Caesar ya Shakespeare, na uzeeni akaitia Injili katika tenzi za Kiswahili, zikachapwa mwaka 1996. Alijua kwamba neno lisiloimbika kwa lugha ya watu halikai kwao. Na katika masimulizi ya Ubuddha wako watawa wawili ndugu, Yamelu na Tekula, waliozaliwa katika ukoo wa makuhani wenye ufasaha, ambao walimwendea Buddha wakataka maneno yake yawekwe katika lugha ya juu ya dini, kwa sababu watu wa makabila mbalimbali walikuwa wakiyaharibu kwa lafudhi zao. Akakataa, akasema yajifunzwe kwa lugha yao wenyewe. Wataalamu hubishana kama alimaanisha lugha ya kila msikilizaji ama lugha yake yeye msemaji. Mimi, kwa miaka niliyofundisha watoto waliokuja shuleni na Kizanaki, Kijita na Kiikizu tu, najua ni tafsiri ipi inayofundisha. Tangu siku ile tunakutana mara moja kwa mwezi kusahihisha tafsiri yao ndogo ya Kiswahili. Wao wanajua maana, mimi najua sarufi.

Sikuwaficha pia kwamba mizizi inaweza kukauka. Sri Lanka yenyewe, iliyohifadhi mafundisho haya kwa kichwa kwa karne nyingi na kuyaandika kwenye majani ya mitende katika karne ya kwanza kabla ya Kristo, ilifika wakati haina tena watawa wa kutosha kumpokea mtawa mpya kihalali. Mwaka 1753 ilibidi waletwe watawa kutoka Siamu, yaani Thailand ya leo, waurudishe utawa kisiwani. Kwa hiyo aliyekuwa mwalimu alikwenda kuomba kwa mwanafunzi wake. Niliwaambia wasione aibu kuomba Upanga au Garuga, na wasidhani kwamba kidogo chao kitadumu kwa kuwa ni kizuri. Kitadumu kwa kufundishwa kwa mwingine. Kadhalika niliwashauri kuhusu serikali: Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa imani, lakini siku jumuiya itakapotaka kiwanja na akaunti ya benki itafuata utaratibu wa Msajili wa Jumuiya katika Wizara ya Mambo ya Ndani kama wengine wote. Nyaraka zao ziwe safi tangu leo.

Limebaki lile la dada yangu.

Nilimkuta anaanua mtama. Nilimwambia kwamba mwanawe hajapotea, yuko Bunda, karakana yake inafunguliwa saa moja asubuhi na hana deni. Hakutabasamu. Nikamwambia habari ya mama wa Uganda. Akasema, "Huyo ni yeye." Nikaona historia yangu yote haijafika mlangoni mwake. Basi nikamwita kijana mwenyewe aje. Alikuja Jumamosi iliyofuata, akapiga magoti akamsalimia mama yake, na mama yake akamwuliza palepale lile swali: "Mimi nikifa, nani atachinja ng'ombe?"

Kijana alinyamaza kitambo. Mimi pia nilinyamaza, maana hapo hakuna kitabu.

"Mama," alisema, "sitachinja, wala sitamwagiza mtu achinje. Lakini sitamzuia kaka. Nitachimba kaburi mimi, kwa mikono yangu. Nitakesha siku zote za matanga, nitapokea wageni, nitachota maji. Sitaondoka mpaka wa mwisho aondoke."

Dada yangu aliendelea kupepeta. Nilidhani amekataa. Kisha akauliza huyo mgeni wanayemngoja, mtu asiyepika na asiyelima, anakula nini na nani atampikia. Kijana akamweleza kwamba anakula chochote anachopewa, na apewe kabla ya saa sita.

"Ugali wa mtama anakula?"

"Anakula, mama."

"Basi asifikie Bunda," dada yangu alisema, "kule mnanunua unga wa dukani. Afikie hapa. Mgeni hatalala na njaa nyumbani kwangu, awe wa dini gani."

Mgeni hajafika bado. Tarehe haijapangwa, na watano wa Bunda wamekuwa sita, kisha wamerudi kuwa watano kwa sababu mmoja amehamishwa kikazi. Mimi nimebaki katika imani yangu, na Jumapili nakwenda misa kama kawaida. Lakini siku moja katika juma hili nitapanda gari kwenda Musoma, nishuke mwaloni, nimtafute muuza dagaa mmoja ambaye sasa naye ni mzee. Nimeambiwa bado yuko. Nataka kumwambia kwamba neno lile nililoandika katika kitabu cha shule halikuwa kweli.